Mke Mwenzangu, Nimewapa Gungu Penalti

Mke mwenzangu,

Mwakeye. Mwakeye tena. Umeamkaje huko uliko? Majirani zako hawajambo? Mama yako na dada zako waliokutangulia umewakuta wazima? Nimeweka kalamu chini nikapiga makofi taratibu, mara tatu, kama ulivyonifundisha, na mama mmoja aliyekaa mkabala nami amenitazama kwa jicho la pembeni. Mwache anitazame. Nakujua wewe, mtu akianza habari kabla ya kumaliza salamu ulikuwa unamwacha aseme mpaka mwisho, halafu unamwambia, "Haya, sasa anza."

Kwa hiyo naendelea. Mbuzi wako mweusi mwenye pembe moja kazaa mapacha. Muhogo wa nyuma ya nyumba umekubali mwaka huu. Mama anakusalimu kutoka Ilagala, na mume wetu hajambo, habari zake nitakupa.

Kama mwandiko unayumba, usiseme nimesahau kuandika. Ni reli. Niko ndani ya treni, Bibi. Tumeondoka Kigoma mchana huu, daraja la Luiche tumeshalipita, na mimi naenda Tabora kuchezesha mechi ya ligi ya wasichana. Siendi kutazama wala kucheza. Naenda kuchezesha, mimi refa mwenye beji kifuani. Nilipanga habari ya beji niiweke mwisho ili nikufurahishe polepole, lakini nimeshindwa kuizuia. Nimepata beji, Bibi. Nimepata.

Sasa ngoja nikuhesabie yaliyobadilika tangu ulipotuacha.

Kibirizi wameleta vichanja. Dagaa hawaanikwi tena mchangani kama enzi yako, wanalazwa juu ya nyavu zilizotandikwa kwenye miti, usawa wa kiuno cha mtu mzima, hewa inapita chini. Najua ungenuna. Ungesema dagaa asiyeonja mchanga hajui alikotoka. Lakini wanakauka haraka na kuku hawawafikii, na mgongo wangu umepumzika. Sehemu yako nimeishika mimi. Wanawake wa pale bado wanaiita kwa Bi Mwajuma, na mteja mpya akiuliza Bi Mwajuma ni nani, wanamwonyesha mimi kwa kidole halafu wanacheka.

Mume wetu anadai hana upweke. Alfajiri anashika fimbo yake anakwenda Kibirizi kuulizia dagaa ambao hana nia ya kununua. Anawaambia wale kina mama kwamba dagaa wao ni wadogo, wamechanganyika na mawe, zamani dagaa walikuwa dagaa. Wanamshambulia kwa maneno mpaka anachoka, kisha anarudi nyumbani amechangamka na kunywa uji wote. Nimegundua anachokitafuta ni mtu wa kugombana naye. Mimi ameshanikataa, anasema ameachiwa mke mmoja na huyo mmoja hajui kupika hata samaki wa migebuka. Babu alipoanza kuniita mke wake mdogo nilikuwa natambaa, na wewe ukaniita mke mwenzio, ukaendelea hivyo hadi mwisho. Jina langu la Mwavita ulilitumia siku za hasira tu, na ndiyo maana mpaka leo mtu akiniita Mwavita kwa sauti ya juu najiuliza nimevunja nini.

Lakini barua hii nimeiandika kwa sababu ya mechi. Kuna mechi moja lazima nikusimulie mimi mwenyewe, usije ukaisikia kwa mtu mwingine huko, maana watu wa Kibirizi wanakuja huko pia na kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia. Ili uielewe inabidi nianzie mbali.

Unakumbuka mpira ulivyoanza. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nakaa kwako ili nisome. Vijana wa ufukweni walikuwa wanacheza karibu na tulipoanika, wakabishana mpira umetoka au haujatoka, mmoja kwa hasira akaupiga popote, ukatua katikati ya dagaa wako. Hukupiga kelele. Uliuokota, ukaukalia, ukaifunika miguu kwa kanga, ukaendelea kuchambua dagaa. Walikuzunguka, wakapiga magoti, wakakusalimia salamu ambazo hata mama zao hawajawahi kuzipata. Ulipoona wamelainika ukawaambia mpira watapewa kwa sharti moja. "Kelele zenu zimenichosha. Kuanzia leo mjukuu wangu ndiye atasema nani kakosea." Walicheka. Wewe hukucheka, na mpira ulikuwa chini yako.

Ndivyo nilivyokuwa refa, Bibi. Sikuchagua, ulinichagulia kwa sababu ya kelele. Filimbi sikuwa nayo, nilikuwa napiga mluzi kwa vidole viwili, na Mjomba Rajabu akisikia ananiambia msichana hapigi mluzi, anaita nyoka. Wiki ya tatu ukaniletea filimbi ya bati uliyoiomba kwa mlinzi wa bandarini. Ilikuwa na ladha ya kutu na tumbaku. Niliipenda kuliko viatu vyangu vya Idi.

Unakumbuka na muwa. Mimi nilidhani hukuona. Timu ya upande wa juu walikuwa wananiletea kipande cha muwa kabla ya mchezo, nami nilikuwa naona makosa ya upande wa chini tu. Siku nne mfululizo. Siku ya tano uliniita, ukanusa vidole vyangu, ukanivuta kwa kiwiko mpaka katikati ya uwanja. Ulinitaka niseme mwenyewe mbele ya timu zote mbili nimekula nini na nimefanya nini. Nililia nikashindwa kusema, ukasubiri. Jua lilikuwa kali na dagaa walitakiwa kugeuzwa, lakini ulisubiri. Nilipomaliza kusema nilidhani utaninyang'anya filimbi. Badala yake uliniambia, "Sasa chezesha. Leo ndiyo siku yako ya kwanza." Nilichezesha huku kamasi zinanitoka. Wale vijana tangu siku hiyo hawakuniletea muwa tena, na hawakubishana na mimi tena.

Nikakua na lile jambo likakua na mimi. Nilipomaliza kidato cha nne nikasema nataka kwenda kwenye mafunzo ya waamuzi. Mjomba alisema msichana wa nyumba hii hatakimbia na bukta mbele ya wanaume wa Ujiji mzima. Wewe ulikwenda kwa fundi na kitambaa cheusi, ukarudi na suruali ndefu nyepesi na mtandio unaofungwa kwa nyuma usipeperuke, ukavitandika kitandani mwangu, ukamwita mwanao aje aone bukta iko wapi. Mjomba alitazama, akakohoa, akauliza chakula kimeiva au bado.

Halafu ukanifanyisha mazoezi bila kusema ni mazoezi. Asubuhi tukishaanika ulikuwa unanituma Gungu kwa shangazi, juu kule kilimani, nikapeleke salamu. "Nenda umwambie hatujambo, urudi kabla dagaa hawajageuzwa." Bodaboda ulinikataza. Shangazi alichoka kusalimiwa kila siku, akawa ananisubiri mlangoni na kuniambia, "Nimesikia, hamjambo, rudi." Kwenye mtihani wa kukimbia wenzangu waliokunywa glukosi waliachwa nyuma na mimi niliyekunywa uji. Nilikuambia siku ile nimekuwa wa kwanza, ukasema, "Na shangazi yako je, amepata faida gani?"

Sasa lile kosa. Sitalikwepa, kwanza kwa sababu lilikufanya ucheke mpaka mtandio ukaanguka.

Ilikuwa mechi yangu ya kwanza ya kupimwa. Mtathmini alikuwa yule mama mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, amekaa pembeni na karatasi zake. Dakika ya ishirini hivi, mchezaji akaumia karibu na mstari, na aliyeleta maji alikuwa Mzee Bakari, kaka yako, na kanzu yake. Mchezaji akasema yuko sawa, mpira ukaanza tena, na mimi nikageuka nikakutana uso kwa uso na mjomba wa mama yangu ambaye sikuwa nimemsalimia tangu asubuhi. Mwili wangu haukuniuliza. Goti likainama, mikono ikaanza kupiga makofi, nikasema mwakeye. Na yeye kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake akaitikia yote. Akauliza habari zako, akauliza habari za mume wetu, mbuzi, na Mama kule Ilagala. Nyuma yangu uwanja ulilipuka. Bao lilikuwa limeingia na mimi sikuliona. Wachezaji ishirini na wawili wakanijia, nusu wanasema ni bao, nusu wanasema ameotea, na mimi nimeinama nusu goti, namuuliza Mzee Bakari hali ya mguu wake.

Mtathmini aliandika kwamba mwamuzi alisalimia wakati mchezo ukiendelea. Nikafeli. Bodaboda iliyonirudisha ilijua tayari, dereva alinishusha akaniambia "mwakeye refa" akaondoka anacheka. Niliingia ndani nikajifunika shuka, nikakuambia basi, filimbi nimeiweka chini, nitaanika dagaa mpaka nife. Ulicheka kwanza, ulicheka sana. Ulipomaliza kufuta machozi ulikaa kwenye ukingo wa kitanda changu ukasema maneno ambayo mpaka sasa ndiyo kazi yangu yote. "Kosa lako si kusalimia. Kosa lako ni kuchelewa kusalimia. Wahi uwanjani, wasalimie wote, mmoja mmoja, hadi waishe. Ukishapuliza, mkubwa hayupo."

Nikauliza, na wewe ukiwa umekaa pale je? Ukanitazama kama niliyeuliza swali la kipumbavu.

Bibi, hukukaa pale. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mechi ya pili ya kupimwa utakuja, ungeletewa kiti, ungekaa kwenye mstari na mwavuli wako. Masika ikaja, na kifua chako nacho kikaja. Ulilala siku tatu tu, asubuhi ya nne ukaondoka, kimya, kama mtu anayetoka kwenye maongezi bila kuwasumbua waliobaki. Siku hiyo Kibirizi hakuna aliyegeuza dagaa. Waliungua upande mmoja wote, ufukwe mzima, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyelalamika. Nilitaka ujue hilo. Sehemu hii siwezi kuiandika ndefu, mama wa mkabala atafikiri nimefiwa leo.

Baada ya arobaini yako kukawa na fainali ya kombe la mitaa, Kibirizi na Gungu. Na mimi nikapangwa kuchezesha, na ndiyo ikawa mechi yangu ya kupimwa. Nilikwenda kwenye kamati nikasema wazi kwamba kocha wa Kibirizi ni mjomba wangu na beki wake ni Shabani, mtoto wa mjomba huyohuyo. Mzee mmoja wa kamati aliniambia, "Tukitafuta refa asiye na ndugu Kibirizi, tutamleta kutoka Zanzibar." Nahodha wa Gungu naye alisema hana neno, Mwavita anamjua tangu enzi za muwa. Nikakosa pa kujificha.

Nilifika uwanjani mapema, watu hawajajaa. Nikaanza upande wa magharibi. Nikainama kwa kila mzee, nikapiga makofi, nikauliza habari za nyumbani na kusubiri jibu. Saa nzima iliisha hivyo. Mzee Bakari nilimpa salamu za kumtosha mpaka mwaka mwingine. Mtathmini, mama yuleyule wa Moshi, aliacha karatasi zake akaja kuniuliza ninafanya nini. Nikamweleza. Alicheka, halafu akaanza kunifuata nyuma, naye anapiga makofi, anasema mwakeye kwa lafudhi ya kwao, na wazee wakampenda.

Kisha wachezaji wa Kibirizi wakaingia. Bibi, Mjomba Rajabu alikuwa amechukua kanga yako moja, ile nyekundu yenye maua meupe, akaikata vipande, kila mchezaji amefungiwa kipande kwenye mkono. Hakuniambia mapema. Walisimama mstari mmoja wakasema kombe hili ni la Bi Mwajuma, na ufukwe mzima uliokuja na malori ukalia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Nilishika filimbi mdomoni nikaomba isitoke sauti ya ajabu. Nilikuwa nataka washinde. Nakuambia wewe tu. Nilitaka washinde kuliko walivyotaka wao.

Walifunga kipindi cha kwanza, bao safi. Kipindi cha pili Gungu wakaja juu, Kibirizi wakarudi nyuma wote. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Kona ikapigwa, msongamano mbele ya goli, mshambuliaji wa Gungu akapiga kichwa, mpira unakwenda wavuni, na Shabani akiwa amewapa mgongo watu wote akanyoosha mkono akausukuma nje. Alinawa, Bibi. Mshika kibendera alikuwa upande mwingine amezibwa. Watu walikuwa nyuma ya Shabani. Hata Gungu wenyewe hawakuona, walikuwa wanashika vichwa wanaurudia mpira wa kona. Aliyeona ni mimi na Shabani. Na mkono uliougusa mpira ulikuwa umefungwa kanga yako.

Niliogopa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja, na katika pumzi hiyo niliona kombe likiingia Kibirizi, nikamwona mume wetu akinyanyuliwa juu, nikawaona kina mama wakilizungusha kwenye vichanja, na nikajiona mimi katikati yao, najua. Najua peke yangu, kila siku, nikigeuza dagaa mahali pako. Nikapuliza.

Nilinyoosha mkono kwenye alama ya penalti. Sauti ikapanda kutoka upande wetu, sauti sijawahi kuisikia ikinielekea mimi. Mjomba aliingia ndani ya mstari. Alisimama mbele yangu, macho mekundu, akasema kwa sauti ndogo, "Leo, Mwavita? Siku ya mama yangu?" Nilimwonyesha mstari arudi nje. Alirudi. Shabani nilimpa kadi nyekundu, akatoka anajitazama mkono.

Gungu walifunga. Ikawa bao moja kwa bao moja, tukaenda kwenye mikwaju, na Kibirizi wakashindwa kwa mkwaju mmoja. Kombe na mbuzi wa zawadi vikapanda kilima kwenda Gungu, shangazi akavipigia vigelegele mlangoni pake.

Matusi makubwa sikutukanwa, usihofu. Kilichonipata ni kibaya zaidi kwa watu wetu, walinipunguzia salamu. Nilifika Kibirizi kesho yake, nikasema mwakeye, wakaniitikia "mwakeye" wakageukia dagaa. Hakuna aliyeuliza nimelalaje. Nilianika peke yangu siku mbili. Siku ya tatu mume wetu alikuja na fimbo yake akasimama katikati ya vichanja akawauliza kama mke wake mkubwa angekuwa na filimbi ile angefanya nini. Wakatazamana. Kisha mmoja, ambaye wewe uliwahi kumhukumu akose ndoo nzima ya sado siku upepo ulipochanganya dagaa wake na wa mwenzake, akaanza kucheka, akasema Bi Mwajuma asingewapa penalti moja, angewapa mbili, moja ya kosa na moja ya kuchafua kanga yake. Basi wakacheka wote. Kufikia mchana nilikuwa nimeulizwa habari za kila mtu ninayemjua. Na Shabani amekuwa mzaha wa ufukwe, jina lake sasa ni Kipa, na ameshalizoea, akiitwa anaitika.

Matokeo yangu yalikuja baada ya majuma mawili. Nimefaulu. Kwenye karatasi mtathmini ameandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba mwamuzi alifika mapema na kukamilisha salamu zote kabla ya mchezo. Nimeikunja karatasi hiyo, niko nayo hapa mfukoni.

Aliyebaki ni Mjomba. Miezi mitatu, Bibi. Akinikuta anasema "hujambo", nasema "shikamoo", anasema "marahaba", basi, anapita. Mtu ambaye salamu yake moja ilikuwa inapoza chai. Habari ya beji ilimfikia, hakusema neno. Habari ya Tabora ilimfikia, hakusema neno. Nilikuwa na furaha kubwa yenye tundu, na tundu lenyewe lilikuwa lake, maana ni mwanao, na ana macho yako.

Leo mchana nikiwa natoka na begi, nilimkuta mlangoni kwetu amekaa juu ya bodaboda, injini inaunguruma. Alichukua begi langu akalipakata mbele, akaniashiria nipande. Stesheni alilibeba begi mwenyewe mpaka ndani ya behewa, akalipandisha juu, akalisukuma lisianguke. Halafu akamgeukia huyu mama wa mkabala, ambaye hamjui kabisa, mama wa watu anakwenda zake Tabora na kapu la migebuka ya kukaanga. Akamsalimia kwanza, vizuri, kwa urefu wake. Akamuuliza habari za alikotoka. Kisha akamwambia, "Mama, nakuomba umwangalie huyu binti. Ni refa. Alitunyima kombe, fainali, dakika mbili zimebaki."

Mama akanitazama kwa huruma, akamuuliza Mjomba kwani alikosea wapi.

Mjomba alikuwa ameshashika mlango. Alisema, "Hakukosea."

Akashuka. Treni ilipoanza kutambaa nilimwona kwenye jukwaa, mtu mzima yule, kocha, ameinama kidogo mbele ya watu wote anapiga makofi taratibu kuelekea dirishani kwangu, midomo inakwenda. Sikusikia kitu kwa sababu ya honi, lakini aliniuliza habari zote, Bibi, nilimwona anauliza zote, na mimi niliitikia mpaka stesheni ikapotea.

Huyu mama amenipa kipande cha mgebuka. Nimemwambia ni kitamu kuliko wangu, ameuliza kwani mimi ninapika vipi, nimebadilisha mazungumzo.

Nakuaga hapa, maana mwanga unapungua na bado nataka kutazama nje. Sijawahi kufika mbali hivi. Kaa salama, mke mwenzangu, wafikishie salamu wote walioko huko, mmoja mmoja, hadi waishe. Mume wetu nitamlea, na kupika nitajifunza. Mwakani Kibirizi na Gungu wanakutana tena, na Mjomba tayari anawakimbiza vijana ufukweni kila asubuhi. Wameniomba nichezeshe mimi. Nimekubali. Nami nakuahidi hapa, kwa mwandiko huu unaoyumba: wakicheza vizuri nitafurahi hadi ndani, na wakinawa nitapuliza.

Mwavita